Umbo la chonge halipimi sumu ya nyoka

Mvua zikianza, nyoka hutoka mashimoni, na ile picha nayo huanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Imechorwa miguu miwili sambamba. Wa kushoto una vitone viwili vyekundu na chini yake pameandikwa "nyoka mwenye sumu". Wa kulia una vitone vingi vilivyojipanga nusu duara, na chini yake "hana sumu, usiogope". Wanaoisambaza wana nia njema, na wakati wenyewe ni mwafaka: mwezi Juni 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza madhara ya sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa, na mwaka 2019 likatangaza mkakati wa kupunguza kwa nusu vifo na ulemavu unaotokana nayo ifikapo 2030. Elimu kwa wananchi ni nguzo mojawapo ya mkakati huo. Kwa hiyo picha inapokelewa kama sehemu ya elimu hiyo, na hapo ndipo tunapokosea. Chonge, lile jino linalosemwa huacha vitone hivyo viwili, ni jina la umbo. Linaeleza jino limekaaje. Halielezi kama jino hilo lina sumu, wala alama lililoiacha kwenye ngozi haielezi mgonjwa anahitaji nini. Anayehesabu vitone kisha akaamua kulala nyumbani anacheza na uhai wake.

Tulitazame umbo lenyewe. Kitu kikisemwa kina umbo la chonge, maana yake kina shina pana, kinapungua taratibu hadi ncha, na kimepinda kidogo, mara nyingi kuelekea nyuma. Basi, hakuna la zaidi. Chonge za kweli, yale meno manne yanayokaa baina ya meno ya mbele na magego, wanazo mamalia: mbwa, nyani, simba na sisi wenyewe. Lakini umbo lake limetapakaa kwa wanyama wengi wasiohusiana. Pembe za ndovu zina umbo hilo ilhali asili yake ni meno ya mbele ya taya la juu yaliyokua kupita kiasi. Za ngiri ukizitazama kwa mbali zinafanana nazo, na hizo ni chonge kwelikweli. Tandu anakuuma kwa ndoana mbili zenye umbo la chonge, zenye sumu, ambazo hata meno si meno: ni jozi ya kwanza ya miguu iliyogeuka kuwa silaha. Nyoka naye hana chonge kwa maana ya mamalia. Meno yake yote, hata ya chatu asiye na tone la sumu, ni membamba, yamechongoka na yamepinda kuelekea kooni, kwa sababu hatafuni. Anashika na kuvuta ndani. Sifa hiyo basi inamfaa nyoka yeyote mwenye meno, na haiwezi kututenganishia wa hatari na asiye wa hatari.

Kinachotenganisha ni jino lipi limekua kuliko wenzake, limekaa sehemu gani ya taya, na kama lina njia ya kupitishia sumu. Chatu ana safu nne za meno juu na mbili chini, hakuna lenye njia ya sumu. Akiuma anaacha mikwaruzo mingi na damu nyingi. Kifutu, ambaye wengine humwita bafe au moma, ana meno mawili ya mbele yenye urefu unaozidi sentimita moja, yaliyo wazi ndani kama sindano ya hospitali, na mfupa unaoyashika unazunguka hata yakajikunja na kulala kwenye kaakaa mdomo unapofungwa. Binamu yake wa misituni, Bitis gabonica, anaweza kufikisha sentimita 5, na hakuna nyoka duniani mwenye meno ya sumu marefu zaidi. Swila na koboko wana meno ya mbele pia, lakini mafupi, ya milimita chache tu, na hayajikunji. Kwa swila wanaotema, tundu la kutokea sumu limetazama mbele badala ya chini, ndiyo maana sumu inaruka hadi machoni mwa mtu aliyesimama mita mbili au zaidi. Mmoja wao, Naja ashei, alitambuliwa rasmi kuwa aina ya peke yake mwaka 2007 kutokana na nyoka wa Watamu, pwani ya Kenya.

Kisha wapo wawili ambao picha ya vitone haiwajui kabisa. Wa kwanza ni nyoka wa mitini, boomslang au Dispholidus typus, pamoja na jamaa yake mwembamba kama kijiti, Thelotornis. Meno yao ya sumu yako nyuma, usawa wa jicho, na hayana tundu ndani; yana mfereji tu pembeni ambamo sumu huchuruzika. Mbele ya meno hayo kuna meno madogo ya kawaida. Akishika kidole kwa mbele ya mdomo tu, utaona vitone vingi vidogo, yaani picha ya kulia, "usiogope". Akitafuna mara moja zaidi, jino moja la nyuma likagusa, sumu imeshaingia. Wa pili ni wale nyoka wadogo weusi wa chini ya udongo wa jenasi Atractaspis, wanaofukuliwa na jembe au kuonekana usiku baada ya mvua. Hao hawahitaji kufungua mdomo. Wanachomoza jino moja refu pembeni mwa midomo na kuchoma kwa kurudisha kichwa nyuma, hivyo hata ukimshika nyuma ya kichwa, kama wafundishwavyo watu kushika nyoka, anakuchoma kidole. Alama ni tundu moja. Ngozi huweza kuoza mahali hapo, na antivenomu ya kawaida, yaani dawa ya kupinga sumu ya nyoka, haimsaidii aliyechomwa naye.

Sasa mweke kando yake nyoka mwingine mdogo mweusi anayefanana naye mno, wa jenasi Lycophidion. Jina lake la kisayansi linamhusisha na mbwa mwitu kwa ajili ya meno yake marefu ya mbele, ambayo kwa umbo ni chonge hasa. Anayatumia kushikia mijusi yenye magamba ya kuteleza, na hana sumu ya kumdhuru mtu. Yeye anaweza kuacha vitone viwili vinavyoonekana kuliko vingine. Kwa kanuni ya picha, asiye na sumu anapewa hukumu ya mwenye sumu, na mwenye sumu anaachiliwa huru.

Hata kwa kifutu, ambaye kanuni inapaswa kumfaa kuliko wote, hesabu haikai. Mguu ukijivuta anapouma, jino moja tu hugusa. Akiuma kupitia suruali au ukingo wa kiatu, kinachoonekana ni mchubuko. Meno ya sumu hubadilishwa kila mara maishani mwa nyoka, na kuna kipindi jino jipya husimama kando ya la zamani kabla halijang'oka. Nyoka aliye katika hali hiyo huacha matundu matatu au manne. Meno ya taya la chini nayo huongeza yake. Uvimbe ukianza, ndani ya saa moja ngozi imetuna na kubadilika rangi, na hapo anayesema anaona vitone viwili anaona anachotaka kuona.

Gharama ya imani hii iliwahi kulipwa na mtu aliyewajua nyoka kuliko karibu watu wote wa zama zake. Karl P. Schmidt, mtaalamu wa nyoka wa jumba la makumbusho la Chicago, aliumwa kidole gumba Septemba 1957 na boomslang mchanga aliyeletewa amtambue. Jino moja tu la nyuma liliingia, kina cha milimita 3 hivi. Nyoka mdogo, meno ya nyuma, tundu moja: kila kilichoonekana kilisema hakuna hatari. Alirudi nyumbani, akaandika dalili zake kwa makini, asubuhi akajiona anapata nafuu, na mchana huohuo akafa kwa kuvuja damu ndani. Robert Mertens wa Ujerumani, naye bingwa wa fani hiyohiyo, alikufa mwaka 1975, siku 18 baada ya kuumwa na Thelotornis aliyekuwa akimfuga.

Wanaoitetea picha wana hoja, na baadhi yake zina uzito. Wanasema mtu anayeumwa kijijini usiku anahitaji kanuni fupi, hawezi kusomewa somo la taya. Wanasema hofu yenyewe ina madhara: moyo unakwenda mbio, mgonjwa anakimbia, ndugu wanamfunga kamba na kumchanja kwa wembe. Wanasema pia kwamba alama mbili zilizo wazi ni ushahidi wa kuumwa, hasa kwa mtoto asiyeweza kueleza kama ni nyoka au mwiba. Hili la mwisho ni kweli. Alama ikionekana, inakuonyesha mahali pa kuanzia kufuatilia uvimbe, na kwa hilo ina kazi. Kosa ni kuigeuza kinyume na kusema alama isipokuwepo basi sumu haipo. Swila akikutemea machoni hakuachii alama hata moja, na konea yako, yaani ngozi angavu ya mbele ya jicho, inaungua. Hapo tiba ya kwanza ni maji safi mengi, jicho likisafishwa kwa robo saa nzima, na si majani wala nyanya ya kukamuliwa.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ya uzoefu: "Babu alitumia kanuni hii miaka yote, na waliokuwa na vitone vingi walipona." Tazama takwimu za Shirika la Afya Duniani. Kila mwaka watu wapatao milioni 5.4 huumwa na nyoka duniani, na kati yao wanaodhurika kwa sumu ni milioni 1.8 hadi 2.7. Maana yake nusu au zaidi ya wote wanaoumwa hawapati sumu, ama kwa kuwa nyoka hana, ama kwa kuwa mwenye nayo aliuma bila kuitoa. Hao watapona wakihesabu vitone, wakibandikwa jiwe la nyoka, wakipakwa mafuta ya taa, au wakikaa tu wakinywa chai. Kanuni yoyote ile, hata ya kurusha sarafu, itaonekana kufanya kazi kwa wengi. Inapimwa kwa wale waliobaki, ambao kati yao watu 81,000 hadi 138,000 hufa kila mwaka, na hao hawapo kusimulia kwamba walihesabu.

Hoja nzito ni ya uhaba wa dawa. Antivenomu ni ghali na ni chache. Kampuni ya Sanofi Pasteur iliacha kutengeneza FAV-Afrique, antivenomu yake ya nyoka wa Afrika, mwaka 2014, na shehena ya mwisho ikaisha muda wake Juni 2016. Pengo hilo limejazwa nusunusu. Haiwezekani kumchoma kila aliyeumwa, na dawa yenyewe inaweza kuleta mzio mkali unaoua. Lazima pawe na kuchagua, nakubali. Ila kuchagua kunafanywa kwa dalili za mgonjwa, na dalili hizo hazihitaji hata jina la nyoka. Kope zikianza kulegea, mtu akiona vitu viwiliviwili, mate yakimjaa mdomoni kwa sababu hawezi kumeza, hiyo ni sumu ya mishipa ya fahamu kama ya koboko, na kinachofuata ni pumzi kukata. Uvimbe ukipanda kwa kasi na kuvuka kifundo, malengelenge yakatokea, fikiria kifutu au swila anayetema. Fizi zikivuja damu, mkojo ukawa mwekundu, mahali palipodungwa sindano pasifunge, damu imepoteza uwezo wa kuganda. Asiye na lolote kati ya hayo hachomwi antivenomu, lakini harudishwi nyumbani pia: anawekwa chini ya uangalizi kwa saa 24, na kama nyoka alikuwa wa mitini, zaidi, maana sumu ya boomslang hukawia.

Kwa damu kuna kipimo ambacho zahanati yoyote inakiweza, na kinashinda vitone mara elfu. Chota mililita 2 za damu ya mshipa, itie kwenye kichupa kipya cha glasi kilicho kikavu, kiache kimesimama kwenye joto la kawaida kwa dakika 20 bila kukigusa, kisha kiinamishe mara moja. Damu ikimwagika kama maji, haigandi. Kinachoharibu majibu kinajulikana: kichupa cha plastiki, ambacho huweza kuonyesha damu nzima kana kwamba haigandi, glasi iliyooshwa kwa sabuni ya unga, hivyohivyo, na muuguzi mwenye haraka anayekitikisa kila baada ya dakika mbili. Fanya kichupa cha pili kwa damu ya mtu mzima wa afya ili ulinganishe. Kipimo hiki kina faida hasa kwa walioumwa na boomslang, na kaskazini mwa Kenya kwa walioumwa na Echis pyramidum, nyoka mdogo wa maeneo makavu anayevurugа mfumo wa kuganda kwa damu.

Dawa ikipatikana, kuna kosa jingine la kusoma umbo bila kusoma maana. Maboksi ya antivenomu yanafanana. Geuza boksi usome majina ya nyoka waliotumika kuitengeneza. Ukikuta Bitis arietans (kifutu), Dendroaspis polylepis (koboko), Naja nigricollis (swila anayetema), hao ni wa kwetu. Ukikuta Naja naja, Daboia russelii na Bungarus caeruleus, dawa hiyo ni ya India na haikutengenezwa kwa nyoka wa Afrika, hata kama ni ya bei nafuu. Kwa boomslang ipo antivenomu yake peke yake, inayotengenezwa Afrika Kusini; ile ya mchanganyiko haimsaidii. Inaingizwa kwa mshipa, adrenalini ya kukabili mzio ikiwa imeshavutwa kwenye bomba na iko mkononi. Mtoto hupewa kipimo kilekile cha mtu mzima, kwa kuwa nyoka hakumpunguzia sumu kwa sababu ya uzito wake. Hili huwashangaza hata baadhi ya wahudumu, na watoto hupunjwa dawa kwa huruma isiyo na msingi.

Kabla ya kufika huko, kazi ya nyumbani ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Mgonjwa avuliwe pete, bangili, kikuku na viatu kabla uvimbe haujaanza. Kiungo kifungwe banzi kama cha aliyevunjika mfupa, kitambaa kisikaze. Asitembee, kwa maana kila msuli unaofanya kazi unasukuma sumu. Kwenye bodaboda akae katikati, dereva mbele na mtu wa kumshika nyuma. Akitapika au kope zikilegea, alazwe ubavu wa kushoto. Mchukue kalamu mchore mstari ukingoni mwa uvimbe na kuandika saa, mrudie kila nusu saa; mistari hiyo itamfaa tabibu kuliko hadithi yoyote. Nyoka apigwe picha kama yuko mahali salama kupigwa, asifuatwe, na aliyeuawa asibebwe mkononi, kwa kuwa kichwa kilichokatwa bado kinauma. Kamba ya kubana msiifunge. Kwa kifutu inazuia damu kwenye nyama ambayo tayari inaoza, na wapo waliokatwa mguu kwa sababu ya kamba. Ikiwa mgonjwa amefika amefungwa, isifunguliwe ghafla mlangoni. Isubiri dawa na watu wawe tayari, kwani sumu iliyozuiliwa inaweza kushuka yote kwa mpigo.

Picha ya kusambaza basi ichorwe upya. Mguu wa kushoto na wa kulia vyote vifutwe. Badala yake uchorwe uso wenye kope zilizolegea, mguu wenye mistari ya kalamu na saa pembeni, na fizi zinazovuja, kwa maandishi ya herufi kubwa: kila aliyeumwa aende kituo cha afya, hata kama haoni alama. Chini iwekwe namba ya simu ya kituo cha karibu chenye antivenomu, na mwenye kuiandika apige kwanza kuhakikisha dawa ipo, kwa sababu ile ya majimaji hutakiwa kukaa kwenye jokofu kati ya nyuzi 2 na 8, na vituo vingi vya vijijini umeme ukikatika usiku hakuna anayeangalia kipimajoto.